Meza Sita za Mahamri, Mtaa Mmoja: Mteja Akuchague kwa Lipi?

Ukipita Barani hapa Malindi asubuhi, utakuta meza za mahamri zimepangana. Wote wana mbaazi, wote wana chai, bei ni moja. Nenda Watamu kwa wauza vinyago au Kilifi kwa wauza korosho, hadithi ni hiyo hiyo. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini vizuri sita vikiwa barabara moja, kipi kitajiuza?

Jibu la kwanza la wengi wetu ni kushusha bei. Kabla hujashusha, chukua kalamu.

Piga hesabu kwanza

Tuseme hamri moja unauza shilingi 10. Unga, nazi, sukari, mafuta na makaa vinakula shilingi 7, kwa hivyo faida ni 3. Ukiuza mahamri 200, umepata 600. Sasa jirani amekukera, ukashusha hadi shilingi 8. Faida imebaki shilingi 1. Ili upate zile 600 zako, sharti uuze mahamri 600! Umepunguza shilingi 2 tu, kazi imekuwa mara tatu. Na jirani naye kesho atashusha. Mwisho wake kuna atakayefunga meza, na huenda ikawa ni wewe.

Mteja wa mahali na mteja wa jina

Wazee wa Kilifi wanakumbuka feri. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka wa 1991, magari ya Mombasa na Malindi yalisimama kungoja kuvuka, na foleni ile ilikuwa soko. Muuzaji hakuhitaji kujulikana, abiria alikuwa hana pa kwenda. Daraja likaja, gari likapita moja kwa moja.

Funzo ni hili: mteja aliyeletwa na mahali huondoka mahali pakibadilika. Barabara ikihamishwa au meza mpya ikiwekwa mbele yako, umempoteza. Aliyekujua kwa jina atakuuliza, "Siku hizi uko wapi?"

Jina lako liko wapi kwenye simu yake?

Mtaani wanakujua kwa jina la mwanao. Lakini ukipokea pesa kwa laini yako ya kawaida, simu ya mteja inamwonyesha jina la kitambulisho, ambalo halijui mtu. Mwezi ujao ana maulidi, anataka mahamri 300, anatafuta kwenye meseji zake na hakuoni.

Namba ya tili, kama ya Lipa na M-Pesa, humwonyesha mteja jina la biashara. Chagua jina ambalo watu tayari wanakuitia, fupi, lisilofanana na la jirani. Liandike kubwa mezani pamoja na namba. Kila malipo yatamwachia mteja jina lako mfukoni, bila wewe kulipia tangazo.

Kama biashara bado ni ndogo, huduma kama Pochi la Biashara hutenganisha pesa za kazi na za nyumbani kwenye laini hiyo hiyo. Pia mteja hawezi kurudisha malipo bila wewe kukubali, na hilo peke yake limewaepusha wengi na hasara.

Tafuta saa yako

Fungua taarifa ya malipo ya wiki mbili. Hesabu: saa ngapi pesa huingia kwa wingi, saa ngapi kimya? Huenda ukagundua malipo yako mengi yanatoka kwa watu wa boda boda alfajiri, kabla wenzako hawajawasha jiko. Basi hiyo ndiyo nafasi yako. Fungua nusu saa mapema, na usikose hata siku moja. Mtu akishazoea kukukuta, hapiti kulinganisha meza.

Ukitaka kuwatumia wateja ujumbe wa "leo kuna mkate wa sinia," waombe ruhusa kwanza. Namba iliyokuja na malipo si ya matangazo, na Kenya ina sheria ya kulinda data ya watu tangu 2019. Muulize tu, "Nikutumie nikipika?" Atakayekubali ni mteja kweli.

Uaminifu nao ni bidhaa

Mteja akilipa zaidi kwa makosa, mrudishie hapo hapo bila kungoja aombe. Hadithi hiyo itafika mbali kuliko bango lolote. Nawe jilinde: usikabidhi mzigo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mtu, kwa sababu meseji hughushiwa. Thibitisha kwenye simu yako kwamba pesa imeingia. Na PIN yako usimpe mtu, hata kijana anayekusaidia mezani.

Wiki hii fanya matatu

1. Andika gharama ya bidhaa moja hadi senti ya mwisho, ujue bei usiyoweza kushuka chini yake.
2. Waulize wateja watano wanakuitaje, kisha linganisha na jina linalotokea wanapolipa.
3. Tazama taarifa yako, uchague saa moja uwe wewe ndiye wa kwanza kufungua.

Meza sita zitabaki sita. Lakini mteja akishuka kwenye tuktuk na kuuliza kwa jina, ni moja tu atakayoelekezwa.