Kushusha Gari Bila Kuua Shokapu

Wengi wanaofunga koilova, yaani shokapu iliyozungukwa na springi yake, hushusha gari kwa kuteremsha kikalio cha springi. Wapo wanaosema mradi gari limeshuka, inatosha. Kushuka limeshuka, lakini shokapu sasa inakaa imedidimia, nafasi yake ya kupanda na kushuka imepungua, na tuta dogo tu linaigongesha mwisho. Gari likipandishwa jeki, springi huweza hata kucheza mkononi! Koilova zenye kitako cha chini kinachorekebishika ni bora mno: unalegeza nati kwa spana yenye ndoano, unazungusha mwili wa shokapu, springi huigusi. Hata hivyo tairi huisogelea fenda na pembe za magurudumu hubadilika, kwa hiyo alaimenti haikwepeki.