Nafasi ndogo za Michelle Williams

Mei 2003 tamthilia ya vijana ya Marekani, Dawson's Creek, ilifika tamati baada ya misimu sita na sehemu 128. Mwishoni kabisa waandishi walimuua Jen Lindley kwa maradhi ya moyo. Binti aliyemwigiza, Michelle Williams, alikuwa na miaka 22, sura inayojulikana sebule hadi sebule, na sifa ambayo kwa maprodyuza wa filamu wa siku hizo ilikuwa nusu mkosi: "yule wa kwenye TV". Machi 2006 alihudhuria tuzo za Oscar akiwa mteule. Mpaka sasa ameteuliwa mara tano.

Wengi wetu huisoma safari ya namna hii kama kupanda cheo: ulikuwa kwenye runinga, sasa uko sinema. Kwa Williams mimi naona kinyume chake. Aliingia kwenye filamu kwa kushuka. Alichukua nafasi ndogo, sentensi chache, na miradi ya bajeti za kuungaunga. Ili kuona kwa nini hiyo ilikuwa akili, lazima kwanza tujue televisheni inamfanya nini mtu aliyekulia ndani yake.

Tuanze na mkataba. Kwenye vituo vikubwa vya Marekani mwigizaji mkuu hufungwa kabla hata ya sehemu ya majaribio kurekodiwa. Anasaini kwamba tamthilia ikikubalika atabaki nayo miaka sita, pengine saba. Kituo kina hiari ya kumwacha. Yeye hana hiari ya kuondoka. Ukomo huo wa miaka saba umo kwenye sheria ya California, na kesi moja ndiyo iliyoupa meno. Mwaka 1944 mahakama ya rufaa ya California ilimpa ushindi Olivia de Havilland dhidi ya Warner Bros., studio iliyokuwa ikimrefushia mkataba kwa kila muda aliokataa kazi. Mahakama ikasema miaka saba ni miaka saba ya kalenda, basi. Kwa mtu wa miaka 40 huo ni muda unaovumilika. Kwa binti wa miaka 16 ni ujana wake wote. Na Williams alishazoea kubeba maamuzi ya wakubwa: alipokuwa na miaka 15 alipata uhuru wa kisheria kutoka kwa wazazi wake, jambo lililomwezesha kufanya kazi saa za mtu mzima bila kubanwa na sheria za ajira za watoto.

Halafu kuna mwendo wa kazi. Sehemu moja ya tamthilia ya saa nzima hupigwa kwa takriban siku nane, na skripti yake ina kurasa hamsini na ushee. Hapo ni kurasa sita au saba kwa siku. Filamu ya studio yenye fedha za kutosha hupiga kurasa mbili, tatu ikibidi. Karibu tofauti zote mtazamaji anazozihisi bila kuzitaja zinaanzia hapo. Mwigizaji wa tamthilia hufika seti akiwa ameshameza maneno. Anaigusa alama yake ya sakafuni bila kuitazama. Analia kwenye teki ya pili kwa kuwa ya tatu haipo. Huo ni ufundi wa kweli, na mtu aliyeufanya misimu sita hawezi kutishwa na kamera yoyote.

Lakini kasi hiyo inaacha madoa. Televisheni ya kituo ilijengwa kwa ajili ya mtu ambaye jicho moja liko kwenye kikaango, kwa hiyo maneno ndiyo hubeba mzigo: mhusika anasema amekasirika, anasema kwa nini, kisha anamwambia na rafiki yake ili aliyekuwa jikoni asipitwe. Dawson's Creek ilizidisha. Mbunifu wake, Kevin Williamson, aliwapa watoto wa sekondari misamiati ya washauri nasaha, na ndiyo iliyokuwa raha yake. Na kuna ule uso wa kabla ya tangazo. Unaujua: mtu kaambiwa habari nzito, kamera inamsogelea, muziki unapiga pigo moja, naye anaganda macho wazi hadi tangazo la sabuni. Si kosa lake, kaambiwa aushikilie. Ila ukiushikilia mara mia, mwili unaanza kuutoa wenyewe, na kwenye skrini ya futi arobaini uso huo unachekesha.

Doa la tatu halizungumzwi sana. Kwenye tamthilia waongozaji hupokezana. Wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Mwenye mamlaka ni mwandishi mkuu, na baada ya msimu mmoja mwigizaji anamjua mhusika wake kuliko mgeni yeyote anayekuja kuongoza. Anazoea kujilinda mwenyewe. Kwenye filamu mwongozaji ndiye mwenye nyumba, na anataka mtu aliye tayari kuvunjwa na kujengwa upya mbele yake. Hilo huwashinda nyota wengi wa runinga kuliko suala la kipaji.

Williams alifanya nini? Aliutumia mwanya wa kalenda. Kati ya msimu mmoja na mwingine waigizaji hupata miezi michache ya mapumziko. Filamu kubwa haiingii humo kirahisi, ndogo inaingia. Mwaka 1999 alionekana na Kirsten Dunst kwenye Dick, kichekesho cha wasichana wawili wanaojikuta ndani ya kashfa ya Rais Nixon. Filamu haikuuza. Mwaka 2000 alicheza na Chloë Sevigny kwenye hadithi moja ya filamu ya HBO, If These Walls Could Talk 2. Mwaka 2001 alikuwa msichana wa London kwenye Me Without You, lafudhi ya Kiingereza na yote, huku watazamaji wa nyumbani wakimjua kwa sauti moja tu. Akapanda pia jukwaani New York. Ukitazama orodha hiyo kwa macho ya mhasibu haina maana. Ukiitazama kwa macho ya mtu anayefanya usaili, inasema jambo moja kwa ukaidi: nisahau ulivyonizoea.

Mwaka 2003, mwaka uleule Jen alipozikwa, ikatoka The Station Agent ya Tom McCarthy, kisa cha mtu mfupi mpenda treni anayehamia kwenye kibanda cha stesheni iliyoachwa huko New Jersey. Nyota ni Peter Dinklage, Patricia Clarkson na Bobby Cannavale. Williams ni msichana wa maktaba, mwenye sini chache. Hazipiganii. Anakuja, anaongea kidogo, anaondoka, na unaondoka naye kichwani. Kwa mtu aliyetoka kuwa mmoja wa sura nne za bango, hiyo ni nidhamu.

Kisha ikaja Brokeback Mountain ya Ang Lee, 2005. Williams ni Alma, mke wa Ennis, mchunga mifugo anayeigizwa na Heath Ledger, ambaye naye alianzia kwenye tamthilia, za kwao Australia. Baada ya miaka minne Jack, aliyechunga kondoo na Ennis mlimani, anakuja kuwatembelea. Ennis anashuka ngazi mbio kumpokea. Wanabusiana pale chini, wakidhani hawaonekani. Alma anafika mlangoni, anaona, anarudi ndani. Hakuna sentensi. Mwandishi wa tamthilia angempa rafiki wa kumweleza, au walau pigo la muziki la kumgandisha. Hapa uso unapita hatua kadhaa ndani ya sekunde chache: haelewi, anaelewa, anakataa kuelewa, kisha anaanza kupanga ataishije na alichokiona. Huo wa mwisho ndio unaonishangaza, maana hauigiziki kwa kukunja kipaji cha uso.

Maneno yanakuja miaka mingi baadaye. Wameshaachana, Alma ameolewa na mwingine, Ennis kaalikwa kula. Wako jikoni kwenye vyombo. Ndipo anamwambia kuhusu kikapu cha kuvulia samaki: aliwahi kufunga kijikaratasi kwenye uzi wa ndoano, Ennis akaenda zake "kuvua", akarudi, na kijikaratasi kilikuwa palepale. Tazama jinsi anavyoanza kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, karibu ya upole. Hasira inakuja imechelewa, kama ilivyokaa tumboni miaka yote hiyo. Alma mzima hana muda mrefu kwenye filamu ya zaidi ya saa mbili, lakini uteuzi wa kwanza wa Oscar ulitokana na huyo.

Hakushinda. Tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike mwaka huo ilikwenda kwa Rachel Weisz kwa The Constant Gardener, filamu iliyopigwa kwa sehemu kubwa Kenya, Kibera ikiwemo. Miongoni mwa vijana waliofanya kazi ndogondogo nyuma ya kamera za filamu hiyo alikuwa Lupita Nyong'o. Mwaka 2009 Lupita akacheza Ayira kwenye Shuga, tamthilia ya MTV iliyopigwa Nairobi, kisha akaenda kusoma uigizaji Yale. Alimaliza 2012, na Machi 2014 alikuwa na Oscar yake mkononi kwa 12 Years a Slave. Njia mbili tofauti kabisa. Lupita alijifunza darasani kile ambacho Williams, asiyepita chuo cha uigizaji, ilibidi akisahau akiwa kazini.

Kwetu Tanzania njia ilikuwa ya tatu. Kizazi cha kwanza cha Bongo Movie, kina Kanumba, Ray na Johari, kilitoka kundi la Kaole lililotamba ITV kwa tamthilia. Walipohamia filamu za kanda na DVD walihama na kila kitu: kasi, mazungumzo marefu, hata ule uso wa kuganda. Hakuna aliyewadai kubadilika, kwa kuwa filamu zenyewe zilitazamwa kwenye runinga ileile ya sebuleni. Kulaumu waigizaji kwa hilo ni uonevu. Soko ndilo lililoamua.

Baada ya Brokeback Williams angeweza kudai nafasi kubwa. Badala yake akaenda Oregon kwa mwongozaji Kelly Reichardt kutengeneza Wendy and Lucy, iliyotoka 2008, dakika 80 za msichana na mbwa wake wakielekea Alaska kutafuta kibarua cha samaki. Gari linaharibika, fedha zinakwisha, mbwa anapotea. Nywele fupi, kaptura moja, maneno machache, muda mwingi anahema au anavumisha wimbo mdomoni. Yuko karibu kila sini, na bado hajitanui. Wamefanya pamoja filamu nne mpaka sasa, na kwangu hizo ndizo kiini cha kazi yake, pamoja na kwamba Oscar zimemteua kwa nyingine.

Fedha ni suala jingine. Januari 2018 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba kwa kurudia kupiga sini za All the Money in the World Williams alipata posho isiyofika dola 1,000, wakati Mark Wahlberg alilipwa dola milioni 1.5. Wakati huo alikuwa na uteuzi wa Oscar mara nne. Baadaye Wahlberg alizitoa fedha hizo kwa mfuko wa Time's Up kwa jina la Williams. Mwaka uliofuata Williams alirudi kwenye runinga kwa Fosse/Verdon, akashinda Emmy, na hotuba yake jukwaani ilihusu wanawake kulipwa sawa na kusikilizwa kazini.

Kurudi kwake hakukumshusha hadhi, na hapo ndipo mambo yamebadilika zaidi. Msimu wa sehemu nane hupigwa kwa uangalifu unaokaribia wa filamu, na Zendaya amekwenda na kurudi kati ya Euphoria na Dune bila mtu kumuuliza yeye ni wa wapi. Lakini binti anayeanza leo hapati tena sehemu 22 kwa mwaka za kukosea na kurekebisha, wala hana mapumziko yanayotabirika. Msimu wa kwanza wa Euphoria ulitoka 2019, wa pili 2022. Ukiwa Zendaya, filamu zinakusubiri. Asiye na jina anaikaa miaka hiyo akiwa kafungwa na mkataba wa tamthilia ambayo haipigwi, na kila anapopata nafasi ndogo kwenye filamu ndogo, wakala wake inabidi kwanza apige simu kuomba ruhusa.