Modemu inapounganisha kisha ikakatika: Ni nani aliyemkataa mwenzake?

KABLA ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, aliyetumia tarakilishi ya Linux kuingia mtandaoni kupitia laini ya simu alikizoea kioja hiki: modemu inapiga mayowe, inaunganisha, kisha baada ya sekunde chache inakatika. Kila jaribio lililipiwa kama simu nyingine yoyote. Aghalabu lawama zilielekezwa kwa laini, nayo haikuwa na hatia.

Mayowe yale ni mapatano ya modemu mbili tu. Yakikwisha, itifaki iitwayo PPP hushika usukani, na hapo ndipo mteja hutakiwa kujitambulisha. Kwa njia ya PAP, jina na neno la siri hutumwa yalivyo. Kwa CHAP, mtambo wa kampuni hutuma fumbo, nayo tarakilishi hujibu kwa hesabu inayotokana na neno la siri, bila neno lenyewe kupita kwenye waya.

Katika Linux, programu ya pppd husoma maneno hayo katika faili za pap-secrets na chap-secrets, ndani ya /etc/ppp. Jina lililo kwenye mipangilio lisipolingana na la faili herufi kwa herufi, pppd haioni la kutuma. Neno la siri lenye alama ya # nalo hukatwa papo hapo lisipotiwa ndani ya alama za kunukuu.

Kosa lililosumbua zaidi, hata hivyo, ni la kinyume. Pppd yenyewe huweza kuitaka kampuni ijitambulishe kwanza! Kampuni, ambayo haijazoea kuhojiwa na wateja wake, hukataa, na pppd hukata simu. Mteja akabadilisha neno la siri mara kumi, wapi! Dawa ni neno moja katika mipangilio: noauth. Halimzuii mteja kujitambulisha. Huondoa tu sharti kwa upande wa pili.

Ili kujua kosa ni lipi, ongeza neno debug, kisha usome kumbukumbu za mfumo katika /var/log. Humo huonekana iwapo kampuni iliomba PAP au CHAP, na ni upande upi uliokataa.

Hata simu za Android, ambazo kiini chake ni Linux, zingali na nafasi ya kuchagua PAP au CHAP katika mipangilio ya APN.