CHANJO YA KUKU NI MLINZI, SI MGANGA

Katika nyumba nyingi za askari huko Jinja na Mbale, banda la kuku ndilo benki ya mama. Trei ya mayai hununua daftari na sabuni. Lakini ikiingia homa ya matumbo ya kuku, benki hiyo huweza kufilisika kwa siku chache. Kuku huzubaa, kishungi hupauka, kinyesi huwa cha manjano na kijani, kisha vifo hufuatana.

Mwenye kuleta maafa hayo ni kijidudu cha ukoo wa salmonela. Hukaa katika kinyesi, huchukuliwa kwa viatu na vyombo, na kuku aliyepona huweza kumrithisha kifaranga kwa njia ya yai. Ndiyo maana dawa peke yake haitoshi: hupunguza vifo, lakini adui hubaki bandani.

Chanjo ilivyopatikana

Mwaka 1956 mtaalamu wa Uingereza, Herbert Williams Smith, alieleza juu ya aina ya kijidudu hicho hicho iliyopungua ukali, iitwayo 9R. Kuku mzima akichomwa, mwili wake hujifunza kumtambua adui, kama askari afanyavyo mazoezi kabla ya vita. Hadi leo 9R inatumika katika nchi nyingi. Baadaye zilipatikana chanjo dhidi ya salmonela zinazowadhuru watu. Uingereza ilipochanja kuku wa mayai kwa wingi katika miaka ya 1990, idadi ya wagonjwa ilishuka sana.

Mambo matatu ya kushika

Kwanza, 9R ni chanjo hai, na joto huiua. Itunzwe katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikipakiwa basini kutoka Jinja hadi Mbale bila barafu, huenda mama akachoma kuku wake maji matupu.

Pili, kuku wasipewe antibiotiki siku zinazokaribiana na chanjo, kwani dawa hiyo haichagui. Itaiua chanjo pia.

Tatu, wachanjwe wangali wazima: kwa kawaida wakiwa na wiki 6, na tena kati ya wiki 14 na 16, kabla ya kutaga. Aliyekwisha kuugua hataponywa na chanjo.

Basi mama, mwone daktari wa mifugo mapema, fagia banda, nawa mikono, na yai lipikwe liive. Mlinzi hupangwa lindoni kabla mwizi hajafika.