Mishahara: Usalama wa hesabu huanza kabla ya kitufe kubonyezwa

Na MWANDISHI WETU

MWISHO wa mwezi unapokaribia, maelfu ya wafanyakazi katika viwanda vya Thika, maghala ya Ruiru na shule za kibinafsi zilizotapakaa kando ya Barabara Kuu ya Thika husubiri jambo moja: mshahara.

Ni wachache miongoni mwao wanaojiuliza jinsi kiasi kinachoingia katika akaunti zao kilivyokokotolewa.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya karani mwenye kalamu, kikokotoo na daftari kubwa. Siku hizi hufanywa na programu ya tarakilishi. Mwajiri mdogo aghalabu hutumia lahajedwali ya Excel, ilhali kampuni kubwa hununua mfumo kamili wa kusimamia wafanyakazi.

Karani alipokosea, kosa lilimwangukia mfanyakazi mmoja au wawili. Programu ikipangwa vibaya, kosa lilo hilo huwapata wote, kila mwezi, bila kelele.

Kujumlisha na kutoa si tatizo kwa tarakilishi. Linalofaa kuulizwa ni nani aliyeiwekea kanuni za hesabu hiyo, na ni nani anayeweza kuzibadilisha bila wenzake kujua.

Viwango na tarehe zake

Hatua ya kwanza ya kuandaa programu ya mishahara ni kuweka viwango vya makato ya kisheria. Hapa ndipo waajiri wengi hujikwaa, kwa kuwa katika miaka ya hivi karibuni viwango hivyo vimebadilika mara kwa mara.

Chukua mfano wa ada ya nyumba za bei nafuu. Ilianza Julai 2023 kwa kiwango cha asilimia 1.5 ya mshahara wote, huku mwajiri akiongeza kiasi sawa na hicho. Novemba mwaka huo, Mahakama Kuu ikaamua kuwa ilikiuka Katiba. Mwishoni mwa Januari 2024, Mahakama ya Rufaa ikakataa kusimamisha uamuzi huo. Kisha sheria mpya ikatiwa sahihi Machi 19, 2024, na makato yakarejea.

Malipo ya uzeeni ya NSSF nayo yamekuwa yakipanda kila Februari tangu 2023. Mnamo Februari 2024, mshahara wa juu zaidi unaotozwa asilimia 6 ulikuwa Sh36,000. Februari 2025 ukapanda hadi Sh72,000. Nayo bima ya afya ya NHIF iliondolewa Oktoba 1, 2024, mahali pake pakachukuliwa na SHIF, inayotoza asilimia 2.75 ya mshahara wote, isipungue Sh300.

Mhasibu anayefuta kiwango cha zamani na kuandika kipya juu yake anajichimbia shimo. Mfanyakazi akilalamika leo kuhusu mshahara wa Februari 2024, programu itaukokotoa kwa viwango vya leo na kutoa jibu lisilo sahihi.

Njia bora ni kutenga jedwali la viwango ambalo kila mstari una tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma. Kiwango kipya huongezwa chini ya kile cha zamani, nacho cha zamani hubaki palepale. Programu hutazama tarehe ya mshahara, kisha huchagua mstari unaoifaa.

Mpangilio wa makato

Hatua ya pili ni mpangilio. Kutoza ushuru kabla ya kuondoa makato fulani ni tofauti na kuutoza baada ya kuyaondoa.

Tangu Desemba 27, 2024, michango ya SHIF na ada ya nyumba huondolewa katika mshahara kabla ya ushuru wa PAYE kukokotolewa, sawa na mchango wa NSSF.

Tuseme fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo hulipwa Sh40,000. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF ni Sh2,400, SHIF Sh1,100 na ada ya nyumba Sh600. Jumla ni Sh4,100, na kiasi kinachobaki kutozwa ushuru ni Sh35,900.

Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na Sh3,567 zilizosalia asilimia 30. Ukiondoa nafuu ya Sh2,400 anayopewa kila mlipa ushuru kwa mwezi, PAYE ni Sh3,153.35. Fundi huyo atapokea Sh32,746.65.

Sasa tuseme programu ilipangwa kabla ya mabadiliko hayo, nayo bado huondoa NSSF pekee kabla ya kutoza ushuru. PAYE itakuwa Sh3,663.35. Fundi atapoteza Sh510 kila mwezi, yaani Sh6,120 kwa mwaka, na hakuna aliyekusudia kumwibia.

Kosa jingine ni kuchanganya mchango wa mwajiri na wa mfanyakazi. Sehemu ya mwajiri ya NSSF na ya ada ya nyumba hutoka katika mfuko wa mwajiri. Programu inapaswa kuionyesha katika safu yake, mbali na makato ya mfanyakazi.

Thika, Ruiru na mpaka wa Nairobi

Kwa waajiri wa eneo hili kuna jambo ambalo programu iliyonunuliwa kwingineko haitalijua isipoelezwa: mahali pa kazi.

Amri ya jumla kuhusu mishahara ya chini hugawa nchi katika makundi matatu. La kwanza ni la majiji makuu kama Nairobi. La pili ni la miji iliyokuwa manispaa, Thika ikiwemo, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, ambayo imetajwa kwa majina. La tatu ni la maeneo mengine yote. Mashamba, yakiwemo ya kahawa, yana amri yake.

Kampuni yenye ghala Ruiru na duka Kasarani, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ina wafanyakazi wa makundi mawili. Bawabu wa Kasarani hastahili kulipwa chini ya kima cha Nairobi eti kwa sababu ofisi kuu iko Ruiru.

Kwa hivyo, katika rekodi ya kila mfanyakazi pawe na nafasi ya kituo cha kazi, nayo programu itoe onyo mshahara unaposhuka chini ya kima cha kituo hicho. Mfanyakazi anapohamishwa, tarehe ya uhamisho iandikwe.

Nani aguse nini

Baada ya maandalizi hayo huja suala la usalama, ambalo wengi hudhani linamalizwa na neno la siri.

Katika ofisi nyingi ndogo, neno hilo hujulikana na kila mtu. Limebandikwa kwenye skrini, au ni jina la kampuni na mwaka. Likitumiwa na watu watano, mashaka yakizuka hakuna hata mmoja anayeweza kuulizwa.

Kenya imeshaonja uchungu wa jambo hili. Katika sakata la Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, lililofichuka mwaka 2015, ambapo Sh791 milioni zilidaiwa kuporwa, mojawapo ya maswali makubwa lilikuwa ni nani aliyetumia maneno ya siri ya maafisa katika mfumo wa fedha wa serikali, IFMIS. Nchini Tanzania, msako wa mwaka 2016 ulifichua wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha ya mishahara ya umma.

Kinga ni kugawa majukumu. Mtu wa kwanza huingiza taarifa: saa za kazi, siku za likizo, mfanyakazi mpya. Wa pili huendesha hesabu. Wa tatu huidhinisha malipo. Mbali na hao, awepo mmoja tu mwenye ruhusa ya kubadilisha viwango na kanuni, naye asiwe yule anayeidhinisha malipo.

Anayeingiza jina la mfanyakazi mpya pamoja na nambari ya akaunti yake ya benki asiwe ndiye anayeidhinisha malipo. Mikono hiyo miwili ikiwa ya mtu mmoja, mlango wa mfanyakazi hewa umeachwa wazi.

Mwenye duka la vipuri atauliza: mimi nina karani mmoja, nitawatoa wapi watu watatu? Katika biashara kama hiyo, mwenye mali mwenyewe ndiye awe mwidhinishaji. Karani aandae, naye asome majina na jumla kabla ya pesa kutoka.

Kila mtumiaji apewe jina lake na neno lake la siri. Mfumo ukiruhusu, aingie pia kwa nambari inayotumwa kwenye simu yake. Anayeacha kazi afungiwe siku iyo hiyo, kabla hata ya kukabidhiwa barua yake ya kuondoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la zama hizi ni kumbukumbu ya shughuli, inayoonyesha nani alibadilisha nini, lini, na thamani ya awali ilikuwa ipi. Mifumo mingi ya kununua ina uwezo huo, ila wakati mwingine huachwa umezimwa. Uwashwe, na mtu asiye mhasibu aisome kumbukumbu hiyo kila mwezi.

Wanaotumia Excel

Lahajedwali inaweza kufanya kazi hii vyema kwa biashara ndogo, maadamu udhaifu wake unajulikana.

Katika Excel, kila kisanduku huwa kimewekewa alama ya kufungwa tangu mwanzo, lakini alama hiyo haina nguvu yoyote mpaka ukurasa wenyewe uwekewe ulinzi. Kwa hivyo, kwanza ondoa alama hiyo katika visanduku vya kuingizia taarifa, kama saa za kazi. Kisha weka ulinzi wa ukurasa. Karani ataandika panapostahili, wala hatagusa kanuni.

Hata hivyo, ulinzi huo huzuia makosa ya bahati mbaya kuliko mwizi aliyedhamiria, kwani huvunjwa kwa urahisi. Faili nzima inahitaji neno la siri la kuifungua, ambalo huficha yaliyomo. Nakala ya kila mwezi iwekwe mahali pengine, isibaki katika kipakatalishi kimoja kinachobebwa kwenye matatu.

Njia ya kuelekea benki

Kuna kipande cha safari kinachosahaulika. Programu ikimaliza hesabu, hutoa faili ya malipo, ambayo karani huipeleka katika tovuti ya benki. Katikati hapo, faili hiyo hukaa katika folda ya kawaida, na yeyote anayeifikia anaweza kubadilisha nambari ya akaunti huku jumla ikibaki ilivyo.

Kwa hivyo, kulinganisha jumla pekee hakutoshi. Anayeidhinisha benki alinganishe idadi ya majina, na akaunti zilizobadilika tangu mwezi uliopita. Kila badiliko la akaunti lithibitishwe kwa kuzungumza na mfanyakazi mwenyewe.

Majaribio kabla ya kuanza

Mfumo mpya usitumiwe mara moja. Uendeshwe sambamba na wa zamani kwa miezi miwili, na kila tofauti, hata ya shilingi moja, itafutiwe sababu.

Wafanyakazi wa kujaribia wachaguliwe kwa makusudi. Awepo kibarua aliyepata Sh8,000, ambaye asilimia 2.75 yake ni Sh220, ili kuona kama programu inajua kumpandisha hadi Sh300 za SHIF. Awepo aliyeanza kazi katikati ya mwezi, aliyehamishwa kituo, na meneja ambaye mshahara wake unapita mpaka wa juu wa NSSF.

Faida ya juhudi hizi huonekana ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, siku ya mwisho ya kuwasilisha makato hayo. Ushuru unaochelewa hutozwa faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na ada ya nyumba inayochelewa hutozwa asilimia 3 kwa mwezi.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka mwajiri alinde taarifa za wafanyakazi wake. Orodha ya mishahara ina nambari za vitambulisho, akaunti za benki na madeni ya watu. Kuituma kiholela kwa WhatsApp ni kuianika hadharani.

Mfanyakazi naye ana wajibu wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa haki ya kupata hati inayoonyesha mshahara wake, kila kato na sababu yake. Aidai, aisome, na akokotoe kama tulivyofanya kwa yule fundi. Asipoelewa kato lolote, aulize mwezi uo huo. Shilingi 510 za mwezi mmoja hurudishwa kwa urahisi, lakini za miaka mitatu huhitaji wakili.