Ndege ikikukosesha mechi, usitupe risiti

LILE bao la Stephane Aziz Ki lililokataliwa Pretoria, sisi tuliliona kwenye foleni ya uhamiaji, kwenye simu ya mtu.

Ilikuwa Aprili 5, 2024, Yanga ikirudiana na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya suluhu ya Kwa Mkapa. Ndege yetu ya Dar es Salaam kwenda Johannesburg ilitakiwa kuruka saa 4 asubuhi. Ikaruka saa 12 na nusu jioni! Tunatua, mpira uko kipindi cha pili. Shuti limegonga mwamba, likadunda chini, VAR ikaangalia, bao hakuna. Zikaja penalti, Yanga ikatolewa kwa 3-2, na pasipoti zetu hata muhuri bado.

Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja mwenye gereji Temeke, tiketi ya mechi mkononi.

"Mzee wangu, hawa si utawadai?" nikamuuliza.

"Nimdai nani, mwanangu? Ndege ikichelewa imechelewa, bana."

Tulipotoka nje akaichana tiketi pamoja na kadi ya kupandia ndege, akatupa. Hapo mzee alijifunga mwenyewe.

Iko hivi. Tanzania na Afrika Kusini zote zimo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999. Kifungu cha 19 kinasema shirika la ndege linawajibika kwa hasara ambayo abiria ameipata kwa kucheleweshwa, labda lithibitishe kwamba lilifanya kila linalowezekana kuizuia hasara hiyo. Radi na dhoruba zinaweza kuliokoa. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wao, siyo wewe.

Tofauti na Ulaya ni hii. Shabiki anayetoka Amsterdam kuja Dar akichelewa kufika kwa saa 4 au zaidi, na kosa ni la shirika, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004 inampa Euro 600, awe na risiti asiwe nazo. Njia yetu ya Johannesburg haina kiwango maalumu kama hicho. Unalipwa ulichopoteza na unachoweza kukithibitisha. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo ni SDR 6,303, kipimo cha fedha cha IMF, ambazo ni zaidi ya Dola 8,000 za Marekani. Hicho ni kikomo tu, siyo zawadi.

Kwa hiyo tunza tiketi ya mechi, kadi ya kupandia ndege, risiti za chakula, hoteli na teksi. Piga picha ubao unaoonyesha muda mpya wa kuondoka. Waombe wahudumu sababu ya kuchelewa kwa maandishi. Kisha liandikie shirika dai lako. Wakigoma, una miaka 2 ya kwenda mahakamani, ikihesabiwa tangu siku uliyofika au uliyotakiwa kufika. Begi likichelewa, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipolipata.

Na ukiweza, ondoka siku moja kabla ya mechi.

Mashabiki mpaka leo wanabishana kama mpira wa Aziz Ki ulivuka mstari. Mzee wa Temeke hana cha kubishania. Ushahidi wake ulibaki kwenye pipa la taka, Johannesburg.