Jicho, Kompyuta na Aliye Majini

Mwaka 1980 wataalamu Anne Treisman na Garry Gelade walieleza kwamba kitu chekundu kati ya vya kijani huonekana mara moja, vikiwa kumi au mia. Mwaka 1998 Laurent Itti, Christof Koch na Ernst Niebur walilitia wazo hilo katika kompyuta: programu yao hupima rangi, mwangaza na mwelekeo wa mistari, ikaonyesha mahali pa kutazamwa kwanza.

Sisi wa visiwani, tuliowatafuta ndugu zetu baharini ilipozama Spice Islander mwaka 2011, hatuwezi kuyaita hayo mambo ya maabara. Jaketi la buluu katika maji ya buluu lamwelea aliyelivaa, lakini halimwonyeshi. Twawaomba wakuu wa bandari wasisitize rangi ya machungwa, hata ngalawani.

Jambo jingine latutia hofu zaidi. Mwaka 2005 Jeremy Wolfe na wenzake waliona kuwa kitu kilichokuwamo katika nusu ya picha kilikoswa mara 7 kwa 100. Kilipokuwamo katika picha 1 tu kwa 100, kilikoswa mara 30. Mlinzi aliyetazama bahari tupu tangu alfajiri yumo katika hali hiyohiyo. Asiitwe mvivu, apewe mara kwa mara mazoezi mafupi yenye vitu vingi vya kuona, na aambiwe papo hapo alichokikosa.